Mbele Hakuna, Nyuma Hakuna

Siku niliyomwambia mjane mmoja, mbele ya ukoo wa marehemu mumewe, kwamba gari lao halina injini, nilikuwa na miaka thelathini na miwili na nilijiona makanika aliyekamilika. Gereji yangu ilikuwa Kitale, nyuma ya maduka ya mbegu na dawa za mifugo. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa trekta, pikapu na malori ya mahindi. Sifa yangu lakini ilitokana na gari moja tu, gari jekundu la spoti la kampuni moja ya Ujerumani. Mwenyewe alikuwa mzee mkulima, mzungu aliyezaliwa Kitale na kuzeekea Kitale, na hakumruhusu mtu mwingine kuligusa.

Injini ya gari lile ilikuwa nyuma kabisa, nyuma hata ya magurudumu ya nyuma. Ukifungua mbele ulikuta tangi la petroli, gurudumu la akiba na nafasi ya begi. Silinda zake sita zilikuwa zimelala huko mkiani, tatu kila upande, na juu yake feni kubwa ya kuzipoza kwa upepo, maana rejeta halikuwa nayo. Mara ya kwanza mzee aliponiachia usukani, kwenye barabara ya shambani kwake, aliniambia, "Ukishaingia kona, usiachie mafuta ghafla. Mkia utakupita."

Nilidhani ni maringo ya wenye magari. Nikaachia. Mkia ukanipita kweli, tukajikuta tunatazama tulikotoka, vumbi limetufunika. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alijipangusa miwani akasema, "Sasa unaamini."

Tangu siku hiyo nilishika kwamba magari ya spoti ya kampuni ile hubeba injini mkiani. Nililishika kama mtu anavyoshika dini.

Ilikuwa miaka ile ambayo bodaboda za Bungoma nyingi bado zilikuwa baiskeli. Asubuhi moja mwanamume mmoja alishuka mlangoni pa gereji, mfanyakazi wa serikali kutoka Bungoma, suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. Alisema ameambiwa kuna fundi Kitale anayejua magari ya aina fulani. Ndugu yake mkubwa, aliyekuwa mpima ardhi Nairobi, alinunua gari la kampuni ile ile kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Alilileta nyumbani Kabuchai akaliegesha katika ghala la mahindi. Muda si mrefu akaugua, akafa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili.

"Tunataka kukaa kikao cha ukoo," akasema. "Lazima tujue gari iko hali gani. Wewe njoo uangalie, useme ukweli, basi."

"Na mwenye nyumba anasemaje? Mke wa marehemu?"

Akaangalia pembeni. "Huyo usiongee naye sana. Ana maneno mengi. Tena siku hizi ana mabati mapya jikoni. Hatujui ametoa wapi."

Hapo ndipo shaka iliponiingia, na ilielekea kwa yule mama. Mwenye suti sikumshuku hata kidogo, labda kwa sababu ya zile kalamu.

Nilifika Kabuchai Jumamosi na sanduku langu la spana. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyotolewa nje. Walikuwa wazee watatu wa ukoo, mama mzazi wa marehemu akiwa amejifunga leso, na mwenye suti, ambaye leo alikuwa amevua koti. Mjane alisimama peke yake mlangoni pa jikoni. Mabati ya jikoni yaling'aa kweli. Niliyaangalia kabla ya kumwangalia yeye, naye aliniona nikiyaangalia.

Ghalani, gari lilikuwa limefunikwa turubai. Kamba ya turubai ilikuwa mpya wakati turubai lenyewe lilikuwa limechakaa. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa pande zote mbili mpaka usawa wa milango. Tulipofunua tulikuta gari dogo la fedha, viti viwili, paa la kitambaa, tairi zote zimeisha upepo. Lilikuwa limelala chini kama kuku anayeatamia. Nililizunguka nikiona dalili za ukoo wa gari la mzee, zile taa na yale mabega ya mviringo, nikajisikia niko nyumbani.

Nikafungua mbele. Gurudumu la akiba, na mahali pa betri ambapo betri haikuwepo. "Mbele hakuna injini, lakini hiyo ni kawaida," nikawaambia wazee, nikifurahia jinsi walivyoshangaa. "Gari hizi injini iko nyuma. Ngojeni."

Nikaenda nyuma, nikafungua.

Kulikuwa na buti. Buti la kawaida, lenye kapeti nyeusi, safi, bila doa la oili. Pembeni kulikuwa na vifuniko viwili vidogo vya plastiki ambavyo sikuvitilia maanani. Nikapapasa kapeti, nikagonga sakafu yake kwa ngumi. Nyuma ya mgongo wangu nilisikia watu wakiacha kuongea.

Makanika mwenye akili angeuliza kwa nini mwizi wa injini atandike kapeti vizuri namna ile. Akili yangu ilikwenda kinyume. Niliona usafi ule ndio ushahidi. Nikajiambia kwamba aliyeitoa alikuwa na muda, alikuwa na ufunguo, na alikuwa mtu wa hapa hapa nyumbani.

"Fundi?" mwenye suti akauliza.

"Injini haipo," nikasema. "Imetolewa. Na aliyeitoa ni mtu wa kazi, ameziba kila kitu."

Mama mzazi wa marehemu akapiga kofi mapajani. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Injini ya mtoto wangu imeriwa!"

Wote wakageuka kuangalia jikoni. Mjane alikuja taratibu mpaka mlangoni pa ghala. Alikuwa mwanamke mrefu, wa umri wangu hivi. Hakupaza sauti.

"Mume wangu aliingia na hii gari hapa ikinguruma. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, pale kushoto. Tangu siku hiyo sijaigusa. Fundi, umeangalia kila mahali?"

"Mbele na nyuma, mama."

"Siku ile sauti ilikuwa inatoka hapa." Akagusa kisogo chake. "Karibu hivi. Haikuwa mbali huko nyuma."

"Sauti huzunguka, mama," nikamjibu, kwa ile sauti ya upole ambayo mafundi huitumia kwa wanawake. "Huwezi kujua."

Akamgeukia shemeji yake. "Na betri, baba? Nayo niliiezekea jikoni?"

Nilipaswa kutoa jeki, niondoe magunia mawili, niliinue gari lile na kuchungulia chini. Jeki ilikuwa ndani ya pikapu, hatua ishirini. Lakini mwenye suti alikuwa tayari ananishika mkono kunitoa nje, akinishukuru kwa sauti kubwa, na mimi nilipenda kushukuriwa.

Baada ya juma moja nikasikia, kwa dereva wa Chwele aliyeniletea pikapu yake, kwamba yule mama ameondoka na watoto wake wawili akarudi kwao Kamukuywa. Dereva alisema kikao kilimpa siku saba aseme injini iko wapi. "Ati ameuza kwa watu wa Uganda," akasema dereva akicheka. "Mama mwerevu huyo, bana."

Sikucheka naye. Kuna kitu kilikuwa kinanikera tangu siku ile, na nilikuwa nimekikataa. Ilikuwa ile kamba mpya ya turubai. Halafu betri. Mwenye suti hakushangaa hata kidogo kwamba betri haikuwepo. Nilianza kumshuku yeye sasa. Nilijenga kisa kizima kichwani: aliitoa injini mwenyewe, akamtafuta fundi wa mbali aje kushuhudia. Nilikipenda kisa hicho kwa sababu kilinitoa lawamani. Ndani yake nilikuwa nimedanganywa na mjanja, na makosa yote yalikuwa yake.

Nikiwa katika hali hiyo nilikwenda kwa mzee kubadilisha oili ya gari lake jekundu. Nilifungua mkia, nikafungua kifuniko cha oili, mkono wangu ukasimama hapo hapo. Kifuniko kile kilikuwa na alama, picha ndogo ya kopo la oili. Alama hiyo nilikuwa nimeiona Kabuchai, kwenye kimoja cha vile vifuniko viwili ndani ya buti. Cha pili kilikuwa na alama ya maji.

Nani anaweka kifuniko cha oili mahali pasipo na injini?

Nikamweleza mzee yote, hata yale mabati. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango. Mwisho akauliza, "Hiyo gari iko na matundu ubavuni? Hapa, nyuma ya mlango?"

Nikafumba macho. Yalikuwepo. Moja kila upande, kama mashavu ya samaki, magunia yameyaziba nusu.

"Hayo ni ya kuvuta pumzi," mzee akasema. "Hiyo si ndugu ya yangu. Hiyo ni mtoto wa juzi. Injini iko tumboni, nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma. Mbele buti, nyuma buti. Huwezi kuiona mpaka uifungulie paa." Akanitazama. "Wewe ulisema haipo?"

"Nilisema imeibwa."

"Mbele ya watu?"

Mzee akanifungia kifuniko cha oili yeye mwenyewe, kama mtu aliyeona kwamba leo fundi hafai kuachiwa gari.

Kesho yake nilikwenda Kamukuywa. Nilimkuta yule mama nyumbani kwa kaka yake, akipukuchua mahindi juu ya mkeka. Hakusimama, wala hakunikaribisha kiti.

"Mama, nimekuja kusema nilikosea. Nadhani injini ipo."

"Unadhani?"

"Iko katikati. Sikujua zipo za namna hiyo."

Aliendelea kupukuchua. "Nani amekutuma? Shemeji?"

"Hakuna aliyenituma."

"Juzi alikutuma, ukasema haipo. Leo hakuna aliyekutuma, unasema ipo. Wewe fundi, mimi nikuamini siku gani?"

Akamwita kaka yake, wakazungumza kando kwa lugha yao. Aliporudi alikuwa ameshapanga. Angekuja, lakini na kaka yake na mchungaji wa kanisa lake, na mimi nisingeingia ghalani kabla yao. Sanduku langu la spana lingefunguliwa na kukaguliwa nje, kila mtu aone nimeingia na nini. Nikakubali. Ilinichoma, lakini nikakubali.

Tulifika Kabuchai saa nne asubuhi. Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli mpya. Mwenye suti aliitwa kutoka Bungoma na akachelewa kuja, na alipokuja hakumwamkia shemeji yake. Mchungaji alikagua sanduku langu spana moja moja. Wazee walikuwepo tena. Mama mkwe alikaa kwenye kiti kile kile.

"Juzi haikuwa, leo iko?" mwenye suti akasema. "Fundi, hii ni mchezo gani?"

"Nipe nusu saa, mzee."

Niliwaeleza kwanza, kwa sababu sikutaka waone kama kiinimacho. Nikawaonyesha baiskeli ya bodaboda iliyomleta mmoja wa wazee. Nikasema, ukifunga gunia mwisho kabisa wa keria, mbele inainuka na ukikata kona nyuma inakuvuta. Ukililaza gunia lile lile katikati, kwenye chuma kilicho mbele ya kiti, baiskeli inatulia, ila huna tena pa kuweka magoti. Kampuni ile ilitengeneza gari za namna zote mbili. Mimi nilijua moja, nikadhani ndiyo zote.

Mzee aliyeletwa na baiskeli ile alitikisa kichwa kukubali.

Nikakunja paa la kitambaa kwa mkono, nikaondoa kapeti nyuma ya viti, nikafungua bamba la chuma skrubu moja baada ya nyingine, na kila moja nikamkabidhi mchungaji. Bamba lilipotoka, panya wawili waliruka nje na mama mkwe akapiga kelele. Chini yake, ndani ya kiota cha maganda ya mahindi na vitambaa, ilikuwepo injini. Silinda sita zimelala, tatu kila upande.

Nikasogea ili yule mama aone. Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akaigusa kwa kidole kimoja. Alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya jiko lake, na kaka yake akamfuata.

Nilimtazama mwenye suti. Nilitaka kuona mshangao usoni mwake, hata kidogo. Alikuwa anaangalia saa. Mpaka leo sijui kama alijua. Huenda alijua tangu mwanzo kwamba Kitale kuna fundi wa namna moja ya gari, akanitafuta kwa sababu hiyo hiyo. Huenda naye alikuwa mtu asiyejua, kama mimi, mwenye haraka kama mimi. Siku moja naamini hivi, siku nyingine vile.

Nilifunga betri ya pikapu yangu, nikatoa petroli iliyooza nikaweka mpya. Injini iliwaka baada ya kujaribu mara nyingi. Ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia. Wazee wawili walicheka kwa furaha. Wa tatu nilimsikia akimwambia mwenzake, "Ameirudisha. Walielewana huko Kamukuywa." Na mama mkwe, injini ikinguruma mbele yake, akaniuliza mimi, "Na hii ndiyo ire ire ya mtoto wangu?"

Nikamwambia ndiyo. Niliona hakuniamini, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Mchungaji alisimamia kikao kilichofuata, na gari likabaki kwa mjane na watoto wake. Yeye hakulitaka. Akaniambia nimtafutie mnunuzi, lakini yeye mwenyewe atakuwepo kila hatua. Basi nilipojaza tairi upepo na kuliendesha kwenda Kitale, alikaa upande wa kushoto, mkoba juu ya mapaja, akitazama mikono yangu. Kabla ya Kitale askari wa trafiki alitusimamisha. Akaniamuru nifungue boneti asome namba ya injini. Nikafungua. Akatazama gurudumu la akiba.

"Injini iko wapi?"

"Afande, iko..."

"Fungua nyuma."

Nikafungua nyuma. Akatazama buti, akanitazama mimi, mkono wake ukaenda kwenye redio. Kabla sijasema kitu yule mama alishuka.

"Iko katikati, afande," akasema. "Washa, fundi. Asikilize hapa nyuma ya kiti."

Afande akainama ndani ya gari, akasikiliza, akatuangalia tena sote wawili kama wezi wa aina mpya, kisha akatuachia. Tuliendelea mbele. Nikashusha pumzi nikacheka, nikamgeukia nikidhani naye atacheka. Alikuwa anatazama barabara.

Mzee wa gari jekundu alilijaribu gari la fedha kwenye barabara ile ile ya shamba lake, mimi nikiwa kando yake. Kwenye kona aliachia mafuta makusudi. Nikashika mlango. Hakuna kilichotokea; gari lilijikunja tu ndani ya kona na kutoka upande wa pili, kana kwamba uzito wake wote ulikuwa chini ya makalio yetu. Akarudia kwa kasi zaidi, likafanya vile vile. Baadaye akaniweka kwenye gari lake jekundu, tukapita kona ile ile, nikausikia tena ule mkia ukifikiria kutoka.

"La kwangu linakuonya mapema," akasema tuliposimama. "Unalisikia likikasirika. Hili la katikati ni pole, linakusamehe mara nyingi. Lakini siku likikuacha, litazunguka mara moja bila kukuaga. Mimi siliamini sana." Hata hivyo alilinunua, na wakakubaliana na yule mama palepale barazani, mimi nikiwa nimeambiwa nikae mbali kidogo.

Kwa fedha hizo yule mama alifungua kinu cha kusaga unga Chwele, karibu na soko la mifugo. Sikumwona kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Kisha siku moja ya soko nikapata ujumbe kwamba injini yake ya dizeli imekataa kuwaka na fundi wa pale ameshindwa. Nilikwenda siku hiyo hiyo, nikijiambia njiani kwamba ameshanisamehe.

Watu walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao kwenye debe. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaagiza niletewe chai. Nilipoinama juu ya injini, alivuta kigoda akaketi karibu kabisa nami, akatandika gunia jeupe chini.

"Kila kitu unachotoa, weka hapa," akasema. "Uniambie ni nini na kinarudi wapi."

"Mama, hii ni kazi ya saa tatu."

"Nina muda."

Nikatoa bomba la kwanza la mafuta, nikaliweka juu ya gunia, nikamwambia ni nini na linarudi wapi. Akalirudia jina lake kwa sauti ndogo, akalisogeza kidogo kushoto, akaningoja nitoe la pili.